Vigingi Tisa vya Kukisia

Kila siku akitoka shule, Kidoti alivua sare, akala haraka haraka, kisha akapanda shambani kumsaidia mama yake. Shamba lao lilikuwa mteremkoni, na kila msimu wa mvua maji yaliondoka na udongo mzuri, yakawaachia mawe. Ndiyo maana mwaka huu mama alikuwa akitengeneza kinga maji: mtaro mrefu unaokatisha mteremko, wenye tuta upande wa chini, ili mvua isimame pale na kunywewa na ardhi.

Bwana Shamba aliwafundisha kupima. Kamba ilifungwa kwenye fito mbili, na katikati yake ikaning'inizwa pima maji, kichupa chenye maji na kipovu cha hewa ndani. Kipovu kikitulia katikati, ndipo kigingi kinapigwa.

"Msidanganyane na macho," aliwaonya. "Mtaro ukiinama kidogo tu, maji yote yatakimbilia upande mmoja."

Vilipobaki vigingi tisa, mama aliitwa zahanati kumchukua bibi. Kazi akamwachia Kidoti na mdogo wake. Jua lilikuwa kali, kipovu hakitulii, na mdogo wake analia njaa. Kidoti akafumba jicho moja, akakisia, akavipigilia vyote tisa kwa robo saa.

"Wanangu mna mikono miepesi!" mama alisema aliporudi. Kidoti akatabasamu, akakunja kamba. Mama akachimba siku nne akifuata vigingi vile.

Jumamosi mchana mbingu ikawa nyeusi tii. Mvua ilipochanganya, Kidoti alipanda kutazama mtaro. Maji hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yakitembea, kwanza polepole, kisha mbio, yote kuelekea upande wa vigingi vyake. Na chini ya upande ule ilikuwa nyumba ya shangazi yake, aliyejifungua wiki mbili tu zilizopita.

Labda tuta litahimili, alijiambia. Nikinyamaza, nani atajua? Hapo hapo tuta likaanza kuvuja tope miguuni pake. Alishuka mbio, akijikwaa na kuinuka.

"Mama! Vile vigingi vya mwisho... sikupima. Nilikisia!"

Alingojea kofi. Mama alimkazia macho. "Vingapi?"

"Tisa. Vyote vya upande wa shangazi."

Mama alinyakua jembe. "Kamtoe shangazi yako na mtoto. Kimbia!"

Kidoti aligonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Shangazi, toka! Maji yanakuja!"

"Maji gani tena? Mtoto ndiyo kwanza amelala."

"Shangazi, nakuomba!"

Sauti yake ilitetemeka hata shangazi akaacha kuuliza. Akamkumbatia mtoto kifuani, wakatoka. Hawajafika njiani, tuta likapasuka. Maji ya tope na mawe yakaporomoka kwa kishindo, yakabomoa jiko la shangazi na ukuta mmoja wa chumba. Kule juu mama alikuwa ndani ya matope hadi magotini, akikata mfereji wa kupeleka maji mengine porini. Kidoti hakuondoa macho kule juu mpaka alipomwona anashuka, mzima.

Jumatatu Bwana Shamba alikuja. Kidoti mwenyewe alimweleza kila kitu, akiangalia chini. Hakugombezwa, alipewa kamba. Walipima upya vigingi vyote tisa, na cha mwisho kilikuwa chini kupita kiasi kwa kimo cha goti. Familia nzima ilichimba upya, ikashindilia tuta, ikapanda majani ya kulishikilia. Kisha wakamkandikia shangazi ukuta wake.

Mvua kubwa iliporudi, Kidoti hakukaa kitako. Lakini safari hii mtaro ulijaa, ukatulia, na kufikia kesho yake ardhi ilikuwa imeyanywa maji yote.

"Bado unaogopa?" mama alimuuliza.

"Kidogo."

"Hata siku ile uliogopa, na bado ukasema. Kukosea kupima, hata mimi naweza kukosea. Lakini ukishajua umekosea, mwanangu, usimwache mwenzako alale chini ya kosa lako. Sema mapema, kabla mvua haijakusemea."

Kidoti akaitikia kwa kichwa, akachukua fito zake. Mtaro wa pili ulikuwa unangoja kupimwa.