Nukta Nyekundu Kwenye Lebo ya Mama

Usiamini. Mimi sikubembelezi. Waliokuzidi vitabu walikataa kuamini, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na leo wakikaribia ule ukumbi wa maonyesho wanavuka barabara wapite upande wa pili. Kaa hapo na ubishi wako. Ukinikuta na uongo hata mmoja, nivue shati nitembee kifua wazi.

Yalimpata jirani yangu, fundi fremu, ambaye mtaa mzima tunamwita Kona. Akiunga pembe za fremu, hapapiti hata unywele. Namkubali kama fundi kwa sababu nami ni fundi: taa zote za ukumbi ule nimezifunga mimi, na picha zikipendeza mle ndani, tuulizane nani kazipendezesha.

Kona aliugua kupenda picha. Hakuna maonyesho yaliyompita. Jumamosi mchana hufunga karakana, huvaa shati la mikono mirefu, huenda kuzunguka ukumbini mikono nyuma kama mkaguzi. Hutazama pembe kwanza, picha baadaye. Mwaka mmoja walining'iniza viatu vikuukuu mia moja kutoka darini, vyote vimeelekea mlangoni. Watu wakauliza sanaa iko wapi. Yeye akarudi nyumbani anasema amewasikia wenye viatu wakiondoka. Mwaka mwingine ikawa turubai, kile kitambaa cha kuchorea, nyeupe tupu. Nikamwambia hiyo hata mimi naipaka kabla ya chai. Akajibu kwamba alisimama mbele yake nusu saa, akakumbuka chumba alicholala utotoni. Mtu wa hivyo utamfanya nini?

Ila ndani ya mapenzi hayo kulikuwa na mdudu anatafuna. Kona naye alikuwa akichora. Siku moja alimpelekea Madamu, mwenye ukumbi, picha zake tatu. Madamu akazitazama kwa utulivu, akainamisha kichwa, akasifu fremu.

Akasifu fremu, unasikia?

Basi miezi michache baadaye ukumbi mzima akapewa Rangi, mtoto wa mama yake mdogo. Kijana mpole, sauti ya chini, kila mtu anampenda bila sababu. Picha kumi na mbili. Kona ndiye aliyezifunga fremu, moja baada ya moja, huku kijicho kikimpanda kama maziwa yanayochemka. Aliletewa kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuonyeshwa.

Siku ya ufunguzi Rangi alishika maikrofoni akashukuru watu mpaka basi. Alimshukuru Madamu, alimshukuru kaka yake Kona, alimshukuru hata aliyepanga viti. Fundi taa hakutajwa. Sikujali. Mimi ni mtu mzima.

Kona alianza mzunguko wake. Mwishoni mwa ukuta wa kushoto kulikuwa na picha ambayo Rangi alijichora mwenyewe. Kabla yake, picha ya mtungi wa maji. Na kabla ya mtungi, turubai isiyo na fremu, na ndani yake mama yake Kona.

Mama yake mzazi, amekaa kwenye kigoda cha jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Lundo kubwa lilikuwa kushoto, halijachambuliwa. Kulia palikuwa na punje chache. Na alikuwa anatabasamu.

Kona alikuwa amemwomba mama yake miaka mingi akae amchore. Jibu lilikuwa lilelile: nina kazi, mwanangu. Kumbe alasiri zile sita aliposema anakwenda kumwona mdogo wake, alikuwa akienda kumkalia Rangi. Na lile tabasamu Kona hakuwahi kupewa hata siku ya sikukuu.

Watu wakajazana hapo. Mwanamke mmoja akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kona akaona giza mchana kweupe.

Sasa jambo moja la ukumbini ulijue. Picha ikinunuliwa, Madamu hubandika nukta nyekundu kwenye lebo yake, kiduara cha karatasi kama punje ya harage. Ikishakaa, hakuna mwingine wa kuiuliza. Picha hubaki ukutani hadi siku ya kufunga, kisha mwenyewe huja kuchukua chake.

Droo ya Madamu ilikuwa wazi. Kona akachukua nukta moja. Alitaka tu wanunuzi wapite, maonyesho yaishe, asitokee mtu wa kuidai, na Rangi aaibike. Akaibandika kwenye lebo ya mama, akaikandamiza kwa kidole gumba.

Jumatatu Madamu alimpigia simu, sauti imejaa furaha. Mnunuzi amepita. Mtu mrefu, mwenye kofia. Alinyoosha kidole kwenye nukta, kisha akajigusa kifuani. Kona akauliza uso wake ukoje. Madamu akashindwa kuueleza.

Lakini aliandika kwenye kitabu cha wageni. Nimekiona kwa macho yangu. Mwandiko mzuri, bila jina: "Nimeona alama. Siku ya kufunga nakuja kuchukua changu."

Jioni ile Kona alimkuta mama yake anajikuna chini ya mtulinga. Palikuwa na doa jekundu, duara. Mama akasema ni mdudu tu.

Kona akapeleka ukucha. Doa lilikuwa na ukingo. Ukingo mwembamba, wa karatasi.

Alipojaribu kulibandua, mama alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akanong'ona, "Acha, mwanangu. Si yako kubandua."

Kesho yake mama alianza kugawa masufuria. Keshokutwa akakunja nguo zake zote. Siku ya tatu alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi, mikono mapajani, hajibu anapoitwa. Kona akakimbilia ukumbini kubandua nukta. Alitumia ukucha, kisha wembe. Lebo ilichanika. Nukta haikutoka.

Akainua macho kwenye picha.

Lundo la kushoto lilikuwa limepungua nusu.

Alipokuja kwangu kunisimulia, alikuwa bado ameshika wembe. Mimi nilimtania kidogo, kisha nikaenda kutazama. Sikutania tena. Niligeuza taa ya pale iangalie chini kidogo, kwa sababu zangu.

Mwishowe Kona akaenda kwa Rangi kukiri. Alitegemea matusi. Rangi aliuliza tu:

"Kaka, ulisoma ile lebo?"

"Niliona jina la mama."

"Haikuwa na bei. Haikuwa ya kuuzwa. Mama mkubwa alikaa nimchore ili akupe wewe siku ya kufunga. Ndiyo maana haina fremu. Alitaka uifunge mwenyewe. Kila nilipokutaja, alitabasamu. Nikalichora tabasamu hilo."

Kona alikaa chini, palepale sakafuni. Alikuwa ameweka alama ya kuuza kwenye kitu kisicho na bei. Atakayekuja kukichukua atatoa nini?

Siku ya kufunga ilifika. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo nje, lakini ukumbi hauna madirisha. Wageni thelathini hivi. Rangi yuko kwenye maikrofoni, anashukuru tena. Kona amesimama mbele ya picha. Kushoto mwa sinia palibaki punje nne.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, kwenye taa. Nikamwona mtu mrefu akiingia. Alipita mbele ya picha zenye vioo. Kila kioo kilionyesha wageni, viti, mlango. Yeye hakikumwonyesha hata kimoja.

Punje mbili.

Hakuna aliyempisha. Wala hakumgusa mtu.

Punje moja.

Taa zikazimika.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia viatu vikitembea taratibu, kisha maikrofoni ikigonga sakafu.

Taa ziliporudi, nukta haikuwepo kwenye lebo ya mama. Kona hakungoja kitu. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta mama yake amesimama mlangoni, kifua hakina doa, anauliza nani kamchukulia sufuria lake kubwa. Kona alilia kama mtoto. Picha ile aliifunga fremu kwa mikono yake, na pembe zake usinitajie. Iko sebuleni kwao. Sinia limejaa mchele safi.

Watu walisema ni dua za mama. Mimi niliitikia amina.

Rangi hajaonekana tangu siku ile. Viatu vyake vilibaki nyuma ya maikrofoni, vimeelekea mlangoni. Mama yake bado humwekea sahani. Na picha aliyojichora mwenyewe ipo palepale, fremu pembe nne zimekaza, kioo kizima. Ndani yake turubai nyeupe tupu. Kona husimama mbele yake kila Jumamosi, nusu saa, na siku hizi hasemi amekumbuka nini.

Sasa nivue shati, maana kuna kipande nimekiruka.

Taa hazikuzimika. Nilizizima. Taa zile zinachoma, na gundi yoyote hulegea kwa joto. Niliielekeza moja kwenye ile lebo kwa siku tatu mfululizo. Gizani nilishuka, nukta ikatoka laini kama ganda la yai. Ilibidi niibandike mahali, kwa sababu yule alikuwa tayari amefika. Tazama kidole gumba changu. Huo wekundu sabuni imeushindwa.

Kona nilimwambia tu kwamba niliibandua nukta, naye anadhani nilimwokoa mama yake, na kweli nilimwokoa. Lakini kati ya picha ya mama na ya Rangi palikuwa na mtungi. Mtungi wa maji tu, hauna mama, hauna mtu wa kumwekea sahani. Mkono wangu uliugusa.

Nikaupita.