Vumbi la Benchi la Tatu

Wapendwa, sogeeni niwasimulie, maana jambo hili halikutokea mbali na milango yetu.

Fundi wetu wa cherehani tulimwita Mikunjo, kwa jinsi alivyopenda suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Jumapili zake zilikuwa za raha. Aliingia kanisani kwaya ikianza, akaketi benchi la tatu, akatoa sadaka, akarudi nyumbani kula. Akiombwa kusaidia chochote, alicheka.

"Jamani, mimi sina karama. Sauti yangu inafukuza kuku, na nikisimama mbele za watu magoti yanagongana. Wenye vipawa wapo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wengi wetu, na msijifanye hamjui namsema nani.

Jumapili moja aliinuka baada ya ibada akakuta suruali yake nyeupe imechafuka vumbi nyuma. Alikasirika kwelikweli.

"Kanisa gani hili, hata mabenchi hayafutwi?" alimuuliza mzee wa kanisa.

"Nadhani vijana ndio wanaofuta," mzee alijibu.

Vijana walidhani ni kina mama. Kina mama walidhani kuna mtu analipwa. Jumapili ya pili mambo yakawa yale yale. Ya tatu, mkewe alichoka kumsikia akinung'unika njia nzima.

"Baba, kwani miaka yote hiyo benchi lilikuwa linajifuta lenyewe?"

Swali hilo halikumtoka Mikunjo. Kesho yake alimwendea mlinzi wa geti la kanisa, akamuuliza nani alikuwa akifuta mabenchi.

"Humjui?" mlinzi alishangaa. "Yule bibi mfupi, mjane, anayekaa nyuma karibu na mlango. Kila Jumapili alikuja alfajiri na ndoo yake na tambara. Sasa wiki ya tatu simwoni. Nikajua ninyi washirika wenzake mna habari zake."

Mlinzi alimwelekeza, naye akaenda. Alimkuta bibi kitandani, mguu umefungwa kanga kuukuu, na harufu ilimpokea mlangoni. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijikwaa, akaumia kidole, na kidonda kidogo kikaoza. Jirani alimletea uji na maji, akidhani ni uchovu wa uzee tu.

"Bibi, mbona hukutuma mtu kanisani?"

"Nikatume nini, mwanangu? Nilisema, Jumapili hii wataona sipo. Ikapita. Nikasema, basi ijayo."

Mikunjo alilia bila kuona haya. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akatafuta gari, akampeleka hospitali.

"Mngemleta wiki ya kwanza, tungesafisha kidonda yakaisha," daktari alisema. "Sasa tuokoe maisha. Mguu umeshakwenda."

Waliukata chini ya goti. Bibi yuko hai, anatembea kwa magongo, na hana kinyongo na mtu. Mikunjo ndiye anayefuta mabenchi siku hizi. Wengine wamegawana zamu, na wawili wana kazi ya kuangalia nani hakuja, wakambishie hodi siku hiyo hiyo. Ni mambo mema, tunamshukuru Mungu. Lakini yangefanyika mapema, bibi angekuwa anatembea kwa miguu yake miwili.

FUNZO

Ndugu zangu, kanisa ni mwili mmoja, na mwili hauna kiungo cha kupamba tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulimwachia bibi mmoja kazi ya watu mia, tena hatukulijua hata jina lake. Usiseme huna karama. Kufuta benchi ni karama, kubisha hodi ni karama, hata kuuliza "Fulani yuko wapi leo?" ni huduma mbele za Mungu. Anayesema "wengine wapo" ajue kwamba na hao wengine wanasema hivyo hivyo, na katikati yao kuna mtu amelala anahesabu Jumapili. Wiki hii, kabla hujatoka kanisani, geuka utazame nyuma. Nani hayupo?