Bunduki ya Mtoto wa Kwanza

Msonyo.

Ulikuwa mmoja tu, mrefu, wa mate na meno, ule ambao mtu humpigia mwenzake asiyestahili hata tusi. Mujinga aliusikia akiwa macho, mkono juu ya tumbo la miezi minane, na kwanza alidhani ni mumewe. Lakini Crispin alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kwa fahari ileile aliyofanyia kila kitu. Msonyo ulitoka nyuma ya ukuta, katika chumba cha baba mkwe, na baba mkwe, Papa Mbombo, walikuwa wamekwisha kumzika.

Mtoto tumboni, ambaye usiku kucha alikuwa akirusha miguu, akatulia.

"Crispin, muntu amesonya kwa chumba ya papa," alimwambia asubuhi.

"Ni chauffage, chérie. Nyumba za huku Saint-Gilles ni za zamani. Mabomba ya kupasha joto yanasonya."

"Chauffage haina meno."

Crispin alicheka, akafunga skafu yake, akaenda kazini. Alikuwa mtu wa kuvaa skafu hata mezani. Alisoma sheria mwaka mmoja, sheria ikamshinda, lakini sauti ya wakili hakuirudisha chuoni pamoja na vitabu. Tangu mazishi aliongea nayo kutwa: urithi, notaire wa kuandika mirathi, kodi, mimi mtoto wa kwanza. Hakuna aliyemwona akilia. Pengine hakukuwa na sababu. Papa Mbombo aliishi akilaumu, akafa akilaumu chumvi ya supu.

Mzee aliacha chumbani mwake kabati la chuma lenye bunduki tatu. Zamani, kule Katanga, alikuwa mwindaji wa kampuni, akiwaletea nyama wafanyakazi wa reli, na alipohamia Brussels zilimfuata, zote na vibali vyake. Sasa sheria ilitaka mambo mawili kwa warithi: polisi waarifiwe, na mtathmini wa silaha aandike kila moja ina thamani gani, ili kodi ya urithi ijulikane. Kutembea na bunduki barabarani bila kibali ni kosa, kwa hiyo mtathmini angekuja nyumbani. Crispin alipiga simu. Siku hiyohiyo harufu ikaanza.

Ilikuwa harufu ya baruti, na chini yake harufu ya majani makavu yanayoungua, ya pori lililochomwa ili wanyama wakimbie. Ilikaa kwenye mapazia, ikakaa kwenye mkate. Maman Berthe, mama yake Crispin, aliyeishi nao, aliusukuma mkate wake pembeni. Kisha alifungua madirisha, moja baada ya jingine, katika baridi ya Januari.

Crispin alimwita mchungaji. Pasta Hénock alifika na mafuta ya zeituni ya dukani na simu ya kujirekodi. Aliamuru mapepo kwa Kifaransa, kwa Kilingala, kwa Kiswahili, na alipofika kwenye amina yake iliyo nene kuliko zote, kabati likamsonya. Pasta akakumbuka kwamba ana kilio cha watu kule Ganshoren, upande wa pili wa mji, tena kilikuwa kimeshaanza. Mafuta aliyaacha. Simu hakuiacha.

"Ni mabomba," Crispin alisema.

Mujinga aliifunika chupa ya mafuta. Alikuwa amekwisha kugundua kinachouleta msonyo. Kila Crispin aliposema "mimi mtoto wa kwanza", ulikuja. Kila aliposema kwamba kijana atakayezaliwa ataitwa Mbombo, ulikuja mrefu zaidi. Na kila ulipokuja, tumbo la Mujinga liligeuka baridi, na mtoto akachelewa zaidi kurudi kucheza.

Mtathmini alifika alasiri moja ambapo taa za barabarani zilikuwa zimewaka mapema kwa sababu ya mvua. Aliitwa Abeid, Mtanzania wa Tanga, aliyejifunza ufundi wa bunduki Liège na kubaki Ubelgiji. Suti yake ilikuwa ya kijivu, glavu zake nyeupe, na aliwatazama warithi kama alivyoitazama kutu.

"Nani alizihifadhi hizi?" aliuliza mbele ya kabati, chumbani mwa mzee, akipitisha kidole kwenye mtutu.

"Marehemu papa yangu," alisema Crispin.

"Mungu amsamehe. Mafuta je, alikuwa anayapaka kwenye nywele zake?"

Mbili za kwanza aliziweka kando haraka. Za kawaida, alisema, kila shamba la nchi hii lina moja. Ya tatu aliishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. Ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya mkono, swala wamechorwa ubavuni wakiruka. Lakini kitako kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba.

"Hii ingekuwa mali," alisema. "Nani aliivunja? Hapa haikuanguka. Hapa mtu ameipiga juu ya jiwe, tena na tena. Asili ya silaha ni nusu ya thamani yake, ndugu yangu. Nieleze ilikuwa ya nani, ilipitia wapi."

Crispin alikohoa, akaitoa ile sauti ya wakili.

"Bon. Hiyo ya tatu haiko ya urithi. Papa alinipa angali muzima. Donc haiingie kwa kodi. Andika vile."

"Shahidi wako?"

"Coutume, desturi. Kwetu bunduki ya baba haigawanywe, inaenda kwa mutoto wa kwanza. Na mutoto wa kwanza ni mimi."

Msonyo ulipita katikati ya chumba, mchana, mbele ya watu watatu, Crispin, Abeid na Mujinga aliyesimama kando ya kabati, ukaacha unyevu hewani kama pumzi kwenye kioo.

Abeid aliinua kichwa. "Nani amenisonya?"

"Ni chauffage."

"Bwana Crispin, nimeingia nyumba nyingi za marehemu. Sijakutana na chauffage inayonuka baruti." Aliikunja bunduki kwenye bawaba yake, akatazama ndani ya mitutu. Hamkuwa na risasi. Moshi mwembamba ulipanda kutoka humo, bila haraka, ukamzunguka kifundo cha mkono. Alinong'ona bismillahi, akailaza bunduki mezani kama mtu anayemlaza mgonjwa. "Hili ni jini, na halikufuata njia kuja hapa. Ni la humuhumu. Mimi siandiki uongo wa mteja, hasa mwenyewe akiwa chumbani anasikiliza."

"Mwenyewe ni mimi! Nakulipa juu ya nini? Andika: zawadi kwa mutoto wa kwanza!"

"Crispin," alisema Mujinga kwa sauti ndogo, akishikilia ukingo wa kabati. "Mutoto hachezi."

"Ngoja, tumalize."

"Tangu asubuhi hachezi. Unipeleke hospitali."

"Nimesema tumalize! Dakika mbili! Mimi mutoto wa kwanza, mimi mwenye nyumba, na muntu hatanipangia..."

Hakumaliza, kwa sababu msonyo ulikuja tena, na safari hii haukutoka kabatini wala ukutani wala kwenye mitutu, ulitoka chini ya gauni la Mujinga, ndani ya tumbo lenyewe, mrefu na mzito, wa mdomo wa mtu mzima, ukaendelea bila kuvuta pumzi huku moshi ukitambaa sakafuni na harufu ya pori linaloungua ikiwajaa kooni, na Mujinga alisimama mikono hewani asithubutu kujigusa, kwa maana ngozi yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka kwa dharau ya mtu asiyemjua, na mtoto wake alikuwa humo, peke yake, pamoja na huyo mtu.

Kisha ukakatika. Abeid alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, na mlangoni alimkuta Maman Berthe, mikono imelowa maji ya sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akiyaosha.

"Maman!" Crispin alilia. Sauti ya wakili ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya mtoto aliyekojoa. "Maman, uwaambie! Uwaambie mimi njo wa kwanza!"

Maman Berthe alimtazama mwanawe, skafu yake, mkono wake ulioelekea bunduki badala ya kuelekea mke wake. Akasonya. Huo ulikuwa msonyo wa mtu aliye hai, mfupi, wa kuchoka.

"Wewe ulizaliwa wa pili," alisema.

"Maman?"

"Nyamaza. Unafanana na papa yako sana, ndiyo maana sijawahi kukuambia kitu." Alikwenda hadi mezani, lakini bunduki hakuigusa. "Kulikuwa na kaka yako. Alikuwa na woga, alikuwa analia akiona swala anakufa. Papa yako alimupeleka pori kwa nguvu, amufanye mwanaume. Mutoto akaomba warudi. Papa yako akamusonya, akapiga risasi karibu na yeye, amutishe. Karibu sana. Kisha akavunja bunduki juu ya jiwe. Hakuwa analia, Crispin. Alikuwa na hasira: mutoto amemuharibia siku. Akarudi, akasema, muntu atakayetaja ile jina katika nyumba yangu, anatoka na nguo alizovaa."

"Na weye ulinyamaza," alisema Mujinga.

"Nilinyamaza. Mufu wa kwetu anarudishiwa jina kwa mutoto anayezaliwa. Nimeona watoto wa ukoo wanazaliwa, mwaka kwa mwaka, na yeye anangojea, na ile musonyo ya papa yake kwa kinywa, na hakuna hata mumoja mwenye alipewa jina yake. Sasa munataka kumupa huyu jina ya mwenye alimuua." Alicheka bila furaha. "Mbombo amekufa. Mimi mwenyewe nilimuvalisha soksi za kaburi. Na mpaka leo ninamuogopa."

Mujinga aliuchukua mkono wa mkwewe, wenye maji na vipande vya majani, akauweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa baridi kama chuma cha mtutu.

"Maman, muite," alisema. "Nakuomba. Yeye akibaki humu, wangu atafia humu. Muite."

Maman Berthe alifuta mkono wake wa pili kwenye kitenge. Alitazama kitanda cha mumewe, kama vile kikohozi chake kingeweza bado kutoka huko. Crispin alinong'ona, "Maman, apana, mbele ya muntu wa nje," na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mwanamke mzee aliinama hadi midomo yake ikagusa kitambaa cha gauni.

"Mutoto wangu," alisema, "acha huyu mudogo apite. Jina yako njo atabeba. Kuya kwa mama."

Kisha akaanza kulitaja, na kwa sauti ya kwanza tu, kabla halijatimia, mkono wake ulirushwa juu kwa teke.

"Mwilambwe," alisema.