Bodi Iliyoanikwa na Omena

Usiseme hukujua. Ukitajiwa Remba, wewe huuliza bei ya samaki tu, kisha unageuza uso. Hujawahi kuuliza watoto wa kisiwa hicho wanasoma nini. Mwaka ule ukuta wa shule ulipobomoka, wageni walikuja, wakaahidi kompyuta, wakapigwa picha na watoto, wakapanda boti wakaenda zao. Picha tunazikumbuka. Kompyuta hatukuziona.

Kwa hiyo Lynnet, msichana wa Gredi ya Sita, alijifunza kompyuta ubaoni. Kila Jumatano Mwalimu Austine alichora kibodi kwa chaki, na wanafunzi wakapanga foleni kubonyeza herufi zilizochorwa. Kipindi cha hisabati kilipofika, kompyuta yao ilifutwa kwa tambara.

Kisha mwalimu akajiunga na kikundi cha mtandaoni cha watu wanaounda kompyuta. Humo, mwenye vipuri vya ziada humgawia asiye navyo, na anayejua humwelekeza asiyejua. Fundi mmoja wa Migori, aitwaye Maroa, alitangaza kwamba angetoa bure vipuri vya kompyuta nzima kwa yeyote atakayempa sababu nzuri. Mwalimu alimpa Lynnet simu yake arekodi sauti.

"Sisi kompyuta yetu hufutwa saa ya hesabu ikifika," Lynnet alisema. "Tunaomba moja isiyofutika."

Maroa alijibu kwa sauti nzito, ya taratibu. "Binti yangu, umenimaliza. Ni yenu."

Sanduku lilipofika kwa boti kutoka Mbita, mwalimu alikuwa ameenda mkutanoni Homa Bay. Alikuwa amemwagiza Lynnet, kiongozi wa chama cha kompyuta, alipokee, alifungie ofisini, na asilifungue hata kidogo. Lakini pembe moja ya sanduku ilikuwa imelowa. Badala ya kulipeleka ofisini, alilibeba mpaka nyumbani kwa nyanya yake, Roselyn, ambaye yeye alimwita Dani, akalifungua. Bodi, ile sahani ya kijani inayounganisha vipuri vyote, ilikuwa na matone ya maji ya ziwa.

Mtoto wa Remba akiona kitu kimelowa hafikiri mara mbili, hukianika. Lynnet aliilaza bodi juu ya wavu, katikati ya omena za Dani, wale dagaa wadogo wa ziwani, jua likiwaka. Akaigeuza upande huu na upande ule, vile omena hugeuzwa. Ilipokauka, aliipangusa, akairudisha sandukuni, akafunga sanduku vizuri na kulipeleka ofisini kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwalimu aliporudi, chama kizima kilikusanyika. Maroa akawaelekeza kwa simu hatua baada ya hatua: skrubu hii hapa, waya ule pale. Walipobonyeza swichi, feni ilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

"Lynnet, sanduku lilifunguliwa?" mwalimu aliuliza.

Lynnet alitazama vidole vyake. "Hapana, Mwalimu. Lilikuja tu hivyo."

Aliogopa kwamba akisema ukweli ataondolewa chamani, asiiguse kompyuta aliyoiomba kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu alimwamini. Akaandika kikundini kwamba bodi imefika ikiwa imekufa, na kikundi kikamgeukia Maroa. Mmoja aitwaye Tony hakuwa na simile. "Yaani, Maroa, umeona watoto wa kisiwani ndio jalala la kutupia takataka zako? Wewe utolewe humu."

Maroa hakugombana. Sauti yake ilikuja chini sana. "Niliiwasha kabla ya kuifunga, ikawaka. Lakini pengine mimi ndiye niliyekosea. Watoto wasiteseke. Kesho nitafungua kompyuta yangu ya kazi, niwatumie bodi yake."

Lynnet aliusikia ujumbe huo, akaondoka bila kuaga mtu.

Alimkuta Dani akitoa mchanga kwenye omena. "Nyathina, mtoto wangu, njoo uketi," Dani alisema. "Ile sahani uliyoianika na omena zangu, imepona?"

"Kumbe uliniona?"

"Kwenye wavu wangu mimi huona hata nzi. Nilidhani mwalimu amekutuma."

Machozi yakamshinda. Akaeleza yote. Dani hakumkaripia. Alimfuta uso kwa ncha ya leso, akamvuta karibu.

"Huyo Maroa unamjua?"

"Namjua sauti tu, Dani."

"Na yeye anakujua sauti tu, lakini anataka kuvunja chombo chake cha kazi kwa ajili yako. Ukiogopa nitakushika mkono twende. Lakini mdomo ni wako, siwezi kukusemea."

Wakaenda pamoja shuleni. Lynnet akamweleza mwalimu, kisha akaomba simu. "Mimi ni Lynnet wa Remba," alisema. "Fundi Maroa hakukosa. Sanduku lililowa botini, nikalifungua na nilikuwa nimekatazwa. Nikaanika bodi na omena. Halafu nikadanganya. Fundi, tafadhali usifungue kompyuta yako."

Tony ndiye aliyeanza kujibu. "Imeanikwa na omena. Sasa hiyo inawashwa ama inakaangwa?" Kisha akaongeza, "Maroa ndugu yangu, nilikurukia bure. Nisamehe."

Maroa alicheka mpaka akakohoa. "Lynnet, asante. Mgonjwa asiposema alichokula, daktari atampasua mahali pasipouma. Sasa chomoa ramu, kile kipande chembamba kilichosimama kwenye bodi. Tazama meno yake ya dhahabu. Unaona nini?"

Lynnet alichungulia. "Magamba, Fundi. Magamba ya omena."

"Chukua kifutio safi cha penseli, uyasugue meno hayo polepole. Pale inapoingia, safisha kwa brashi kavu. Kisha irudishe, uikandamize mpaka ilie ta, pande zote mbili."

Ikalia ta, kisha ta. Mwalimu akabonyeza swichi. Herufi nyeupe zikajitokeza kwenye skrini, mstari baada ya mstari, na watoto wakasogea bila kelele, kama watu wanaochungulia mtoto mchanga.

Mwalimu Austine akainama mbele ya Lynnet. "Wiki hii wenzako wote watabonyeza kabla yako, kwa sababu nilikukataza ukafungua. Lakini chamani hutoki. Kuanika kulikuwa kutojua, na kutojua kunafundishwa. Uongo ndio uliotaka kumnyang'anya mtu mwema jina lake na kazi yake. Nami nitamwomba radhi, maana nilimlaumu kabla ya kuchunguza." Akawageukia wengine. "Mkiharibu kitu, semeni mapema. Anayetaka kuwasaidia hawezi kutengeneza jambo mlilomficha."

Nawe unayesoma, kuna mtu anayelaumiwa sasa hivi kwa kosa ulilolifanya wewe. Pengine ni mdogo wako, pengine ni mwenzako wa dawati. Jina lake unalijua. Weka kitabu chini, simama, nenda ukamsafishe mbele ya wale wale waliomsema. Usingoje kengele ilie.