Zizi la Kioo

Obedi hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa mtoto wa Mzee Nkwabi wa Magu, hiyo ni aibu. Kaka zake wote wana mazizi. Yeye alikimbia kuchunga, akaja Mwanza, akajifunza ufundi wa vioo na aluminiamu. Sasa ana kibanda chake Mkuyuni. Nusu ya madirisha ya mtaa wake kayafunga yeye.

Lakini kila Mzee Nkwabi akija mjini kuleta mchele, swali lake lilikuwa lile lile.

"Zizi lako liko wapi, ng'wana wane?"

Kwa Kisukuma, ng'wana wane ni mwanangu. Mzee alikuwa anasema kwa upole, ila liliuma.

Ndipo Obedi akatengeneza tangi la samaki. Alichukua vioo vilivyobaki kazini, akavikata, akavibandika kwa silikoni. Halikuvuja hata tone. Akaliweka sebuleni, likitazama mlango. Ukiingia tu, unakutana nalo.

Samaki alichukua mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kwa rafiki yake Antoni. Antoni anavua sangara kwa ndoano, na chambo chake ni furu. Furu ni wale visamaki wa ziwani wanaokaa kwenye mawe. Dume lao likikomaa linakuwa la bluu, mapezi mekundu. Watu wengi Mwanza wanawadharau. Chambo tu, wanasema. Lakini ndani ya kioo cha Obedi, hata jirani mwenye televisheni kubwa alisimama akashangaa.

"Obedi, hawa ni furu kweli?"

"Furu hawa hawa, bwana. Wewe umezoea kuwaona kwenye ndoo."

Obedi alivimba kichwa. Kila Antoni akitoka ziwani, anamkuta Obedi na ndoo yake. Leo anachukua wachache, kesho anaongeza. Kwake yeye, zizi zuri ni lililojaa. Ndivyo alivyokuzwa.

Mkewe, Hellen, alimwambia mapema. "Baba Dorcas, hao samaki wanageukia wapi?"

"Watazoeana."

Hawakuzoeana. Dume moja kubwa, walilolipa jina Bosi, lilishika kona. Kila anayesogea, anakimbizwa. Lakini wakimbilie wapi? Tangi lilikuwa tupu, mchanga chini na kioo pande zote. Mapezi yakachanika. Maji yakaanza kunuka. Samaki wengine wakawa wanahema juu juu ya maji. Asubuhi moja wakakuta mmoja amekufa, hana mkia.

Obedi akapandwa na hasira. Akamtoa Bosi, akampa paka.

Haikupita muda, furu mwingine aliyekuwa wa kijivu, mpole kabisa, akageuka bluu. Akahamia kona ile ile. Akaanza kupiga wenzake. Obedi akamtoa na huyo. Akatokea mwingine. Akamtoa, akatokea wa nne.

Hellen alicheka mpaka akashika mlango. "Endelea tu, mume wangu. Ukimaliza wakorofi wote, utabaki na maji."

Obedi hakucheka. Baba yake alikuwa amepiga simu. "Obedi, nimesikia una zizi la kioo. Jumapili nakuja kulitazama."

Kwa mara ya kwanza baba yake anakuja kutazama kitu chake. Na kitu chenyewe kinakufa.

Siku mbili kabla ya Jumapili, binti yao Dorcas akaita. "Baba, njoo! Shangazi amevimba kidevu. Chakula hataki."

Shangazi ni furu jike waliyempenda wote. Alikuwa amejibana juu, nyuma ya mpira unaoingiza hewa majini. Kila akishuka, anang'atwa.

"Huyu ni mgonjwa," Obedi akasema. "Ataambukiza wenzake. Ngoja nimpe paka."

Akaingiza kichujio cha chai majini, tayari kumvua.

"Acha hapo hapo!"

Alikuwa dada Fadhila, jirani wa nyumba ya nyuma. Amekuja kurudisha sufuria ya Hellen. Kazi yake ni kutunza tangi kubwa la samaki kwenye mapokezi ya hoteli moja mjini. Aliweka sufuria chini, akainama kwenye kioo.

"Huyu hana ugonjwa, Baba Dorcas. Ana watoto mdomoni."

Obedi akamtazama. "Mdomoni? Kawala?"

"Kawabeba. Furu jike akitaga, anaokota mayai anayaweka mdomoni. Yanaangua humo humo. Muda huo wote hali, anawalinda. Kidevu kimevimba hivi, bado kidogo tu atawaachia. Halafu wewe unampa paka!"

"Dada Fadhila, mimi nimeshawatoa wakorofi watatu. Wa nne huyo hapo."

"Hata ukitoa wa kumi, wa kumi na moja anasubiri zamu. Dume la furu lazima liwe na eneo lake. Ziwani anayekimbizwa anaenda zake, maji ni mengi. Humu anakimbizwa mpaka anakufa."

"Mtandaoni wanasema ukiwajaza sana hawapigani."

"Hao wana tangi refu kama kitanda, na mashine za kusafisha maji usiku na mchana. Wewe una hili. Kazi ya mikono yako ni nzuri, sikatai. Lakini samaki wengi ni kinyesi kingi na hewa kidogo. Ndiyo maana wanahema juu."

Obedi akakuna shingo. "Sasa nifanye nini?"

"Punguza. Acha dume moja na majike watano. Dume likiwa na jike mmoja tu, litamsumbua mpaka limuue. Wakiwa kadhaa, hakuna anayebeba kipigo chote. Halafu weka mawe, tengeneza mapango, ili anayekimbizwa apotee machoni. Dume lisipomwona, linamwacha."

"Na wengine niwarudishe ziwani?"

"Hapana! Samaki aliyekaa ndani anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Nitawachukua mimi. Hotelini kuna nafasi."

Obedi akawaza Jumapili. Mzee anakuja kuona zizi limejaa. Sasa aambiwe nini? Samaki sita?

"Dada Fadhila, haiwezi kusubiri Jumatatu?"

"Sisi tunaweza kusubiri. Muulize Shangazi."

Shangazi alishuka kidogo. Dume likamrukia ubavuni. Akarudi juu, mdomo ameufunga kabisa. Anapigwa, lakini hafungui mdomo.

Obedi akakumbuka Magu. Ng'ombe akikaribia kuzaa, baba yake alikuwa anamtenga. Anamfunga pembeni, mbali na madume, halafu anamwambia Obedi akae naye. Obedi alichukia kuchunga, lakini kazi hiyo moja aliipenda.

"Hellen," akasema, "lile tangi dogo nililoanza nalo majaribio liko wapi?"

"Juu ya kabati. Nimewekea vitunguu."

"Vitoe."

Wakafanya kazi jioni nzima. Tangi dogo walilisugua kwa maji matupu, bila sabuni, kwa sababu sabuni inaua samaki. Wakajaza maji kutoka tangi kubwa, Obedi akagawa mpira wa hewa ukaenda pande mbili. Fadhila akamkinga Shangazi kwa bakuli, taratibu, pamoja na maji yake, asishtuke akatema watoto. Tangi kubwa likabaki na dume na majike wanne, Shangazi akiwa wa tano; waliozidi wakaingia kwenye ndoo za hotelini.

Obedi akaleta mawe, akayaosha. Fadhila akamwonyesha kuyakalisha chini kabisa, kwenye kioo, ndipo mchanga ufuate. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki wanachimba, yanaanguka.

"Na maji?" Hellen akauliza. "Tumwage yote?"

"Usimwage yote, mama. Ukibadilisha yote kwa mara moja unawaua. Kila wiki toa robo, weka mapya. Ya bomba yana dawa, yaache kwanza kwenye ndoo wazi, yalale siku nzima. Na chakula kiwe kidogo. Kinachobaki kinaoza."

Kesho yake maji yalikuwa yameanza kutakata. Dume lilikimbiza jike, jike akapita nyuma ya jiwe, dume likasimama likizubaa. Dorcas akapiga makofi. "Amempoteza!"

Jumapili Mzee Nkwabi akafika na gunia lake la mchele na kofia yake pana.

"Mwadila!" akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akasimama mbele ya tangi. Akahesabu kwa kidole, kama anavyohesabu ng'ombe jioni. Akarudia kuhesabu.

"Watano? Nimetoka Magu kuja kuona samaki watano? Zizi la kaka yako limejaa mpaka uzio umevunjika."

Obedi alisikia masikio yanawaka. Akafungua mdomo ajitetee, Dorcas akamwahi. Alimshika babu yake mkono, akamvuta mpaka kwenye tangi dogo.

"Babu, tazama huku. Usiguse kioo."

Shangazi alikuwa katikati ya maji, ametulia. Akafungua mdomo. Wakatoka vitu vidogo vyenye macho, kama punje za mchele zinazoogelea. Wakatoka wengine, na wengine. Wakamzunguka mama yao.

Mzee akainama zaidi. Kivuli cha kofia yake kikaangukia maji. Papo hapo watoto wote wakakimbilia mdomoni, mama akafunga.

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Akavua kofia.

"Wameingia tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Wakiogopa wanarudi, baba. Ndiyo nyumba yao."

"Nani alikufundisha kumtenga hivi?"

"Dada Fadhila, jirani yetu. Na wewe."

"Mimi?"

"Si ulikuwa unamtenga ng'ombe wa kuzaa, asipigwe na madume?"

Mzee akamgeukia mwanawe. Halafu akauliza kama mfugaji anavyomuuliza mfugaji mwenzake. "Ukimrudisha kule, dume halitamwonea?"

"Kwanza atakaa hapa ale, apate nguvu. Siku ya kumrudisha nitahamisha mawe. Dume likikuta mahali pamebadilika, linaanza upya kutafuta kona. Halina muda wa kumpiga mgeni."

"Na hawa watoto wakikua, utawajaza humo?"

"Hapana, baba. Watakwenda hotelini. Tangi hili lina kiasi chake."

Mzee akavuta kiti, akakaa, kofia magotini ili kivuli kisiwatishe. Chai ikapoa pembeni yake. Shangazi alipofungua mdomo tena, Mzee alitoa simu mfukoni, akampigia mwanawe mkubwa.

"Niko Mkuyuni, kwa Obedi," akasema. "Ndiyo. Nimeliona zizi lake. Sikiliza nikwambie. Wanazaliana."