Amri Aliyoiita Kipenzi

"Tumbo linaendeleaje, mpenzi?"

Mchumba wangu alisimama mlangoni kwangu Jumamosi mchana, mkono mmoja chupa ya supu, mwingine mfuko wa dawa. Nikamuuliza tumbo gani.

"Si unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

Akababaika kidogo, akasema moyo wake ndio uliomwambia, kwamba mwanamume akipenda kweli anahisi. Akapita jikoni kupasha supu kama mwenye nyumba.

Nilibaki nimekaa. Sikuwa naumwa tumbo hata kidogo. Ulikuwa uongo, na nilimwandikia mtu mmoja tu, baba yangu, ili wikiendi ile nisiende nyumbani kukutana na shangazi na maneno yake. Na barua yenyewe ilikuwa bado mkobani mwangu, bahasha imefungwa.

Baba ni mtu wa barua. Simu anaipokea kwa kupiga kelele, halafu anaikata. Macho yake yamechoka, kwa hiyo namchapia ofisini kwa herufi kubwa na kumtumia kwa basi. Humo namweleza yote, hata yale ambayo dada yangu hayajui.

Huyu mchumba alikuwa fundi wa kompyuta ofisini kwetu. Ni ofisi ya wapima ardhi, mimi karani. Ramani nzito zilikuwa zinakwama kila nikibonyeza kuchapa, ndipo akaja kunifundisha kutumia lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Akanitengenezea amri fupi, akaiita "kipenzi". Naandika kipenzi, naacha nafasi, naweka jina la faili, nabonyeza, na printa ya ukumbini tunayoitumia sote inaanza kutema karatasi. Nilitabasamu kila nilipoiandika. Nani asingetabasamu?

Na alinijua, jamani. Nikitamani viatu fulani, anakuja navyo. Siku nilipomwandikia baba kwamba naogopa kuzaa tangu mimba ya kwanza iharibike, jioni yake mwanamume huyu aliniambia, bila kuulizwa, kwamba kwake watoto si lazima. Nililia kifuani kwake. Nikampigia dada simu, nikamwambia nimepata mtu anayenisoma moyo.

Supu ile sikuinywa. Nilimwambia nina usingizi, akaondoka.

Jumatatu nilifungua faili la ile amri. Nilijua lilipo, maana yeye mwenyewe alinionyesha. Ndani mlikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulipeleka kazi yangu kwenye printa ya ukumbini. Wa pili ulipeleka kazi hiyohiyo kwenye printa ndogo iliyo chumbani kwake, anakotengenezea mitambo. Nilihisi kama nimemeza tonge, halafu nikagundua lina nywele ya mtu.

Sikupiga kelele. Niliandika: "Baba, nimeghairi. Huyu mwanamume simtaki tena." Nikaandika kipenzi, nikabonyeza. Printa ya ukumbini nikaipita bila kuigusa, nikasukuma mlango wake.

Alikuwa amesimama, karatasi mkononi.

"Kwa nini?" akaniuliza. Hakukumbuka hata kuificha.

"Hiyo barua umeipata wapi?"

Nikavuta droo ya meza yake. Barua zangu zote kwa baba zilikuwamo, zimepangwa vizuri, pamoja na majibu yangu ya kliniki niliyowahi kuyachapa kwa amri ileile. Penye viatu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Penye mimba alipiga miwili.

"Nilitaka nikupende vizuri," akasema. "Wenzangu hawajui hata wake zao wanataka nini."

"Ungeniuliza."

"Usingeniambia."

"Basi ningekuwa sijataka ujue."

Akanyoosha mkono anishike bega. Ni mkono uleule ulionifuta machozi jioni ile, kumbe ulikuwa umetoka kunipigia mistari. Nilikumbatia barua zangu, nikakimbilia chooni, nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Bosi nilimweleza siku hiyohiyo, na fundi hakumaliza wiki pale. Alinitumia meseji: "Nisamehe. Nilitaka tu kukujua." Nilipoisoma nilienda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Kwa baba sikuandika. Nilienda mwenyewe. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, asiniulize lolote kuhusu mashine wala amri. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Ile uliyoniandikia mama yako alipofariki, nayo aliisoma?"

Nikaitikia kwa kichwa. Baba akainuka, akaingia chumbani kwake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema wazee wa kijana wasijisumbue kuja.

Waliniacha kwa siku chache. Kisha mama wa kijana akanipigia. Alianza kwa upole, akinikumbusha alivyonipokea kama binti yake, na ni kweli alinipokea. Akaniomba niwaze tena.

"Mwanangu, amekukosea nini kikubwa? Hanywi. Hana mwanamke mwingine. Hajawahi kukuinulia mkono. Amesoma tu."

"Mama," nikamwambia, "angeniinulia mkono, ningemwona."