Mikono Iliyozidi Inchi Saba

Mzee Dale Wampler alikutwa saa mbili asubuhi, amelala chali chini ya ngazi ya saruji katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari ya Harlan Fork. Macho yake yalikuwa wazi, yakikitazama kikapu cha goli la kaskazini kana kwamba bado anamngoja mtu afunge.

Katika sehemu hiyo ya Indiana, mtu akikosa ibada ya Jumapili husamehewa. Akikosa mechi ya mpira wa kikapu ya Jumamosi, majirani humpelekea chakula wakidhani amefiwa. Kwa hiyo Inspekta Marlene Stuckey hakushangaa sana aliposikia swali la kwanza la Kocha Gene Pfister mbele ya maiti.

"Inspekta, basi letu litaondoka saa sita kama kawaida, siyo?"

"Kocha, kuna mtu amekufa hapa."

"Naona. Mungu amrehemu. Lakini mechi iko ugenini."

Inspekta akamgeukia msaidizi wake, Sajini Hobbs, jitu la mabega mapana lililosoma shule hiyo hiyo na kuichezea.

"Ameteleza, afande," Sajini akasema. "Uzee, theluji, ngazi."

"Soli zake ni kavu. Na anayeteleza akishuka hukalia makalio. Huyu amekwenda kinyumenyume, kisogo kikatangulia."

Daktari wa uchunguzi alifungua shati la marehemu. Kifuani palikuwa na michubuko miwili mipya, kila mmoja upana wa kiganja.

"Amesukumwa," daktari akasema. "Mara moja, kwa nguvu. Saa moja hivi iliyopita."

Kila mtu mjini alimjua Mzee Dale. Kwa miaka arobaini alizunguka kumbi za shule akiwapima vijana wanaotaka kuchezea vyuo vikuu. Hakutazama tu nani amefunga. Alitabiri nani atakuwa nini baada ya miaka minne. Aliangalia vifundo vya mikono, akauliza saizi ya kiatu, akauliza urefu wa mama. Makocha wa vyuo waliingoja ripoti yake kuliko barua za wake zao. Nyota tano kutoka kwake zilimpa kijana masomo ya bure. Neno moja baya lilimrudisha kiwandani kwa baba yake.

Daftari lake lilikuwa chini ya mgongo wake. Ukurasa mmoja ulikuwa umenyofolewa. Uliofuata ulianza katikati ya habari, bila jina:

"Sababu ni hii. Urefu: futi sita na inchi saba. Mikono ikinyooshwa: futi saba na inchi mbili. Vidole vyembamba, virefu mno. Kifua kimebonyea. Mama alikuwa futi sita na inchi moja. Alifariki ghafla akiwa na miaka thelathini na minne. Kijana huyu asiguse mpira mpaka daktari wa moyo amwone, maana mshipa mkuu unaweza kupasuka. Miaka thelathini iliyopita nilimpa nyota tano mwingine wa namna hii. Niliviona vidole vyake nikavipenda, nikanyamaza. Alianguka mbele yangu, hakuamka. Safari hii sinyamazi."

Inspekta alisoma mara mbili. Akatazama saa: saa tatu na nusu.

"Sajini," akasema taratibu, "muuaji anaweza kungoja. Huyu kijana hawezi."

Wakamfuata Kocha ofisini. Inspekta alifunika habari za mama na moyo kwa kiganja, Kocha asije akamficha mchezaji wake, akamwonyesha vipimo peke yake.

"Nani huyu?"

Kocha akachukua orodha ya timu, akateremsha kidole. "Hayupo. Nina wa futi sita na tano, na nina Tobin Lantz, futi sita na tisa. Wa sita na saba sina."

"Una hakika?"

"Inspekta, unanitukana. Hawa ni wanangu."

"Asubuhi hii Dale alikuja kumtazama nani?"

"Wote. Tulianza mazoezi saa kumi na mbili, tukamaliza saa moja kasoro. Niliwapeleka vijana kunywa chai kwenye bwalo. Dale alibaki juu, kwenye viti vya watazamaji, akiandika, kama ada yake."

"Alibaki na nani?"

"Peke yake. Labda na mzazi mmoja wawili. Wazazi, kama vumbi, hawakosekani hapa."

Sajini Hobbs alikuwa amesimama mlangoni, masikio yamemwiva mekundu. Alikohoa kama mtu anayekwenda kuungama.

"Afande, orodha hiyo... Mimi mwaka wangu niliandikwa futi sita na tatu."

"Na wewe ni mrefu kiasi gani?"

"Futi sita na moja. Tulikuwa tunapimwa na viatu. Kisha Kocha anaongeza inchi moja ya baraka."

"Hobbs, mdomo wako huo!" Kocha akafoka. "Kila shule inafanya hivyo! Nikiandika ukweli, makocha wa vyuo watapunguza inchi mbili juu yake."

"Mzee Dale alipima vipi?" Inspekta akauliza.

"Pekupeku," akajibu Sajini. "Ndiyo maana alichukiwa."

Saa tano vijana kumi na wawili walipangwa kwenye ukuta wa korido, miguu mitupu, wakisukumana.

"Afande, harufu ya soksi za Brody nayo ni kosa la jinai," mmoja akasema.

"Nitamshitaki baadaye. Simama wima."

Orodha ikaanza kusinyaa kama shuka jipya baada ya kufuliwa. Wa sita na tano akawa sita na tatu. Walicheka, wakazomeana. Kisha akasogea Tobin Lantz, mpole, mabega yameinama kama mrefu yeyote aliyezoea kugonga fremu za milango.

"Futi sita na inchi saba," Sajini akasoma. Kijana akanyoosha mikono ukutani. "Saba na mbili."

"Mbawa hizo!" Kocha akasema kwa fahari. "Zinazidi urefu kwa inchi saba! Hiyo ni mali, Inspekta. Makocha kumi na wawili wa vyuo wanakuja leo kuiona."

Inspekta aliviangalia vile vidole virefu.

"Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

"Alifariki nikiwa na miaka minane," akasema Tobin. "Alikuwa anaosha vyombo. Akaanguka tu."

Inspekta akamshika mkono.

"Hupandi basi leo, Tobin. Unakwenda kwa daktari wa moyo."

"Nani kasema hapandi?"

Mwanamume mpana, mwenye makovu ya cheche mikononi, alikuwa amesimama mwisho wa korido na chupa ya chai. Alikuwa Curt Lantz, baba yake Tobin, fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha matela. Hajapata kukosa mazoezi ya mwanawe hata siku moja.

"Mimi nimesema, Bwana Lantz. Mzee Dale aliacha maandishi."

"Maandishi! Mzee aliyechoka, mwenye wivu! Eti hampendekezi mwanangu kwa chuo chochote! Chuo chochote! Na wewe unamsikiliza?"

Inspekta alitamani, kwa sekunde moja, asiwe amesikia.

"Sijasema kwamba hakumpendekeza," akasema. "Maneno hayo hayamo kwenye ukurasa nilio nao. Yalikuwa kwenye ule ulionyofolewa."

Tobin aligeuka akamtazama baba yake.

"Baba?"

"Nenda ukavae viatu, mwanangu," Curt akasema kwa sauti ndogo.

Sajini akamtoa kijana nje. Katika ofisi ya Kocha, Inspekta alimweleza Curt haki yake ya kukaa kimya. Hakuitaka.

"Ulibaki baada ya mazoezi?"

"Ndiyo."

"Kufanya nini?"

"Kumuuliza nyota ngapi." Curt alitoa mfukoni karatasi iliyokunjamana, akaiweka mezani. "Akanipa daftari. Nikasoma mstari wa juu: 'Tobin Lantz. Simpendekezi kwa chuo chochote.' Miaka tisa namlea peke yangu, Inspekta. Namwamsha alfajiri, nampikia mayai, namrudishia mipira mpaka mabega yanawaka. Nilitaka kitu kimoja tu: asivae kofia yangu ya kuchomelea. Na yule mzee, kwa mstari mmoja..."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Endelea kusoma, Curt.' Nikanyofoa ukurasa, nikamrudishia daftari. Akasema tena, 'Endelea kusoma.' Nikaona ananidhihaki. Nikamsukuma. Sikutaka afe. Niliposhuka alikuwa hapumui tena."

Inspekta alilifungua daftari, akalisogeza mbele yake.

Curt alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwa mama, kidole kilisimama. Kisha akaendelea mpaka mwisho, kama alivyoagizwa.

"Alhamisi aliniuliza urefu wa Joanna, marehemu mke wangu," akasema. "Nikamwambia na alivyokufa. Akanishika bega. Nilidhani ni adabu tu."

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa likinguruma kwenye theluji.

"Wanampeleka Indianapolis," Inspekta akasema. "Wataalamu wanamngoja."

"Nani amepanda naye?"

Inspekta alitazama dirishani. "Hakuna."

"Kocha je?"

"Basi limeondoka. Mechi ni saa tisa."

Curt Lantz aliinamisha uso juu ya meza, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika bila sauti. Inspekta alitoka mlangoni, akamwita Sajini.

"Panda na yule kijana. Ukae naye mpaka watakapomaliza, hata kama ni wiki."

"Hospitali wataniuliza mimi ni nani wake, afande. Niseme nini?"

Inspekta alirudisha macho kwa mtu aliyekuwa akilia mezani.

"Sema wewe ni wa kwao," akasema, kisha akaingia ndani na pingu.